Tuta la Kivumbasi

Niliwasikia kabla sijafumbua macho. Mvumo mwembamba ndani ya ukuta, usawa wa sikio langu, kama mtu anayesoma uradi kwa pumzi bila kufungua mdomo. Nilikuwa nimefika Kilwa Kivinje jioni ya jana yake, nimelala kwenye kitanda nilichokilalia utotoni, kichwa upande wa ukuta wa mawe na chokaa, na katika usingizi nikadhani ni jokofu la jirani. Kisha nikakumbuka kwamba jirani yetu hana jokofu. Nikabandika sikio ukutani. Ukuta ulikuwa hai.

Nilipotoka nje niliona tundu, lina mdomo wa nta laini mwembamba kama kidole, na mlangoni pake wanaingia na kutoka nyuki weusi wadogo, wa kimo cha mbu. Ni wale wasiouma. Shangazi alikuwa anafagia uwanja, amejifunga kanga kiunoni.

“Hao?” akasema bila kuinua kichwa. “Hao wapo tangu baba yako hajaoa. Hawaumi, wala hawana faida. Siku nikipata saruji nitaziba.”

“Usizibe, shangazi.”

“Basi walishe wewe.”

Alisema kwa utani, nami nikalichukua kama agizo. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kumalizia kitabu, na mtu anayemalizia kitabu huwa anatafuta kila siku sababu ya kutoka nje. Nikaanza kuwafuata wale nyuki kwa macho, nione wanakula wapi. Haikuwa rahisi. Mji wetu unapenda uwanja mtupu. Mwanamke wa Kivinje hupimwa kwa uwanja wake: asubuhi, kabla jua halijakaza, mchanga uwe na mistari ya ufagio, usionekane unyayo wa kuku. Mmea ukisimama uwanjani lazima uwe na kazi inayojulikana, kama mpapai, mchaichai, au mwasumini karibu na dirisha la bibi harusi. Kinachoota chenyewe ni gugu, na gugu ni aibu ya mwenye nyumba.

Mwaka ule maboga ya shangazi yalikuwa yametoa maua mengi ya manjano na kuyaangusha yote. Aliwalaumu majirani kwa macho yao mabaya. Mimi nilikaa kando ya maboga asubuhi nzima nikaona kwamba hakuna mdudu hata mmoja aliyetua.

Nyuki niliwakuta hatimaye kwenye njia ya kwenda makaburi ya zamani, ambako hakuna anayefagia. Pale kivumbasi cha porini kilikuwa kimejiotea chenyewe, kimefika magotini, kimejaa vile vimikia vyake vya maua meupe madogo ambayo mtu mwenye haraka hawezi kuyaona. Kila kimikia kilikuwa na mgeni. Nyuki wa ukuta wetu walikuwepo, na wale weusi wakubwa wanaotoboa boriti, na vipepeo weupe. Nikarudi na mbegu kwenye pindo la kanga.

Niliyerudi kwake ni mdogo wangu. Ni mtoto wa shangazi, lakini kwetu hatuna neno la kumsogeza mbali mtoto wa shangazi. Tumelelewa jungu moja, tumelala kitanda kimoja, na yeye ndiye aliyezoea kuniita dada hata kabla hajajua kuniita kwa lolote jingine. Yeye hakuondoka Kivinje. Nilimkuta anashona vitambaa vya mito barazani, nikammwagia mbegu kiganjani.

“Hizi ni mbegu au ni uchafu wa mfukoni?”

“Zilowanishe uone.”

Akazitia maji kwenye kifuniko cha chupa. Baada ya muda zikavimba, kila moja ikajivika ute mweupe wenye kitone cheusi katikati. Akacheka mpaka akashika mbavu. “Mayai ya chura. Dada umekwenda chuo kikuu kurudi na mayai ya chura.”

Tulizipanda pamoja mvua za kwanza ziliposhuka, nyuma ya nyumba, chini ya ukuta wa nyuki. Mimi nilichimba tuta. Yeye ndiye aliyejua kwamba mbegu ndogo huchanganywa na mchanga mkavu ili mkono usizimwage mahali pamoja. Alitembea kinyumenyume akizinyunyiza kama anayetia chumvi samaki. Mche ulipotoka ulikuwa mdogo kiasi kwamba shangazi aliukanyaga mara kadhaa akienda kuanika nguo, nasi tukazungushia vijiti na uzi wa nyavu.

Sitaki kulipamba tuta lile. Lilikuwa la hatua chache tu. Lakini lilipochanua, ukuta ulibadilika. Mvumo uliokuwa mwembamba ukawa mnene, na kwenye saa tatu za asubuhi, jua likishapasha maua, nilikuwa naacha kuandika nikaenda kuchuchumaa. Tulimwagilia kwa maji ya kusuuzia vyombo. Mdogo wangu alijifunza kukata vimikia vilivyozeeka ili shina litoe vingine, na kwa kufanya hivyo tulikivusha kivumbasi chetu kutoka mvua hadi kiangazi, wakati kile cha makaburini kilikuwa kimebaki njiti kavu. Maboga yalizaa. Shangazi aliwapelekea majirani, akisema kwamba safari hii macho yao yamechoka.

Jirani mmoja, mama mwenye ulimi, alizoea kusimama kwenye ukuta mfupi akitutazama.

“Mwandishi, ndiyo umepanda nini hicho? Mbona kingi hivyo? Mnamfukuza nani, jini au mchumba?”

Kwa sababu kivumbasi kwetu ni moshi. Huchomwa kufukuza mbu, na wapo wanaokichoma kufukuza vingine visivyoonekana. Shina moja mlangoni halimsumbui mtu. Tuta zima ni swali.

Mdogo wangu ndiye aliyejibu, bila kuacha kumwagilia. “Tunafukuza wambea, mama. Nashangaa wewe bado upo.”

Yule mama alicheka hadi kanga ikamdondoka begani, akaomba apewe kidogo kwa ajili ya mbu. Tukampa. Nilimpenda sana mdogo wangu siku ile.

Korosho zilipoanza kuanguka, barua ya kumposa mdogo wangu ikaja. Kijana ni mtu wa Mtanda, mjini Lindi, ana duka dogo la vifaa vya umeme. Walikuwa wamejuana kwa muda na wote tulikuwa tunangoja tu. Barua ikajibiwa, na ikakubaliwa kwamba wanawake wa upande wa kijana watakuja kututembelea. Kila mtu anajua maana ya ziara ile. Wanakuja kumwona binti, lakini binti wamekwisha mwona. Wanakuja kuona nyumba.

Nilikuwa na hofu moja, nikaisema. Maua ya mikorosho yalikuwa yamekwisha, pori limekauka, na kwenye tuta letu mbegu zilikuwa bado mbichi. Nilitaka zikomae nizipande upya mvua zikirudi, ziwe matuta mawili, matatu, hadi kwenye nyumba za watu wengine. Nikamwambia mdogo wangu kwamba mama yake ataanza kufagia kwa ghadhabu sasa, na ninaogopa jembe lake.

Alikuwa amekaa kitandani akipaka miguu mafuta ya nazi. “Dada,” akasema, “atakayeligusa tuta lile ataanza na mimi.”

Sikuuliza tena. Ukishaambiwa hivyo na mtu wa kitanda kimoja, kuuliza tena ni tusi.

Siku mbili kabla ya wageni alinijia na jambo jingine. Shangazi mkubwa, dada mkubwa wa mama yake na wa baba yangu, anakaa Rasbura, huko huko Lindi. Mkubwa kama yule haarifiwi posa kwa simu. Lazima aende mtu, akae, apewe maji, ndipo aseme kilichomleta. Ni desturi tuliyoikuta. “Nenda wewe, dada,” akasema. “Wewe ndiye mkubwa wetu. Akija na wewe atajua tumemheshimu.”

Nilijisikia kuheshimiwa pia, siwezi kukataa. Kwa miaka niliyokaa Dar nilikuwa mtu wa kuarifiwa mambo yakiwa yamekwisha. Sasa nilitumwa kulianzisha jambo. Nikapanda gari kwenye njia panda ya Nangurukuru asubuhi ile ile, adhuhuri niko Rasbura, nimekaa kwenye mkeka, nimepewa maji.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Kwema huko?”

“Kwema. Shangazi, nimetumwa.”

Nikayasema yote kwa mpangilio wake. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akitikisa kichwa, kisha akasema taratibu, “Alhamdulillahi. Mdogo wako alinieleza kwenye simu tangu wiki iliyopita. Lakini umefanya vyema kuja, mwanangu. Begi langu hilo, nimeshalifunga.”

Nikacheka. Nikasema moyoni, furaha imemzidi mdogo wangu, ameshindwa kuficha. Nilimlinda hata pale, kabla sijajua kuna cha kumlinda nacho. Nililala Rasbura, kesho yake tukarudi pamoja.

Harufu ilinipokea njiani, nyumba ya tatu kabla ya kwetu. Kivumbasi kikisimama hakinuki sana. Mpaka ukipite ukikigusa kwa nguo. Ukikivunja ndipo hutoa kila kilichonacho. Shangazi mkubwa alivuta pumzi akasema, “Mmefukiza?” Nilimwachia begi lake barazani nikazunguka nyuma.

Uwanja ulikuwa umefagiwa hadi chini ya ukuta. Mistari ya ufagio ilikuwa imenyooka, mizuri, inapita juu ya mahali palipokuwa tuta bila hata kupinda. Mashina yalikuwa shimoni kwenye takataka, na mizizi yake. Nikachuchumaa nikachukua vimikia nikavisugua viganjani, nikitafuta vile vitone vyeusi. Vilitoka vitu vya kijani, laini, vya maji maji. Nyuki walikuwa shimoni pia, wanatua kwenye maua yaliyonyauka, wanainuka, wanatua tena.

Shangazi alikuja akasimama nyuma yangu. “Nimeng'oa mimi,” akasema haraka, kama mtu aliyekariri. “Wageni wanakuja. Siwezi kuwapokea na pori. Utapanda tena.”

Hasira yangu ilikuwa nzito lakini nilijua mahali pa kuiweka: shangazi ni shangazi, ufagio wake haujawahi kumwonea mtu huruma. Nilichowaza ni mdogo wangu. Niliwaza alivyosimama mbele ya mama yake akanitetea, akashindwa. Nilitaka kumpa pole.

Alikuwa ndani, amejifunika ushungi kama vile wageni wamekwisha fika. Magharibi ilipopita tukakaa kula. Kwa kawaida yeye ndiye mdogo, yeye ndiye hutunawisha. Lakini binti anayeposwa huachwa apumzike, kwa hiyo nikachukua mimi birika na bakuli. Nikamnawisha shangazi mkubwa. Nikamnawisha shangazi, ambaye mikono yake ilinuka samaki changu na ndimu, kwa kuwa alikuwa amekaa jikoni mchana kutwa. Nikafika kwa mdogo wangu.

“Leta mikono, bibi harusi,” nikasema kwa utani, nipate kumchangamsha.

Aliisogeza polepole. Nikamimina maji ya uvuguvugu, na kutoka kwenye viganja vyake, kutoka chini ya kucha, harufu ikapanda pamoja na mvuke ikanijaa puani. Alikuwa amekwisha zisugua kwa sabuni. Ngozi ilikuwa nyekundu. Sabuni haitoi kivumbasi. Sisi wawili tulikuwa tunajua hilo kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Aliinua macho akayashusha. Nikaendelea kumimina hadi birika likaisha.

Tulizungumza uwanjani, tukiosha vyombo.

“Ni wewe.”

“Mama ameshakwambia ni yeye.”

“Mama yako ananuka samaki.”

Alisugua sufuria moja kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba dada wa mchumba wake alipita Kivinje siku za nyuma, akaingia kusalimia, akaliona tuta. Akarudi Mtanda na swali. Mbona kwao kuna kivumbasi kama shamba? Kuna mtu anapandisha mashetani mle ndani?

“Ungeniambia.”

“Ningekwambia ungesema hapana.”

“Ningesema tungoje mbegu zikomae.”

“Posa haingoji mbegu, dada.”

“Ulisema atakayeligusa ataanza na wewe.”

“Si nilianza na mimi?” akasema, akajaribu kucheka, na kicheko hakikufika popote.

Nikamwuliza kuhusu Rasbura. Hapo aliweka sufuria chini. “Nilijua hutoondoka ila kwa jambo la heshima,” akasema. “Nikatafuta jambo la heshima.”

Iliyoniumiza ni sentensi hiyo. Kivumbasi ningeweza kukisamehe palepale. Ningelia, ningenuna, ningengoja mvua. Lakini alikuwa ameketi akanifikiria, akaijua sehemu ndani yangu inayoona haya kwa kukaa mbali na kwetu, akaishika pale pale kama mtu anayeshika mpini. Hata mama yake alikuwa amepangwa, apokee lawama ambayo ningemtupia bila kuuliza. Kwenye gari la Lindi nilikuwa nimevaa kanga yangu bora.

“Wewe ukimaliza kuandika unaondoka,” aliongeza, kwa sauti ya chini. “Hakuna atakayekuuliza Dar kwamba kwenu mnafukuza nini. Mimi wataniuliza mpaka nazeeka.”

Hilo lilikuwa kweli. Nikamaliza vyombo vilivyobaki peke yangu.

Wageni walikuja kesho yake na sinia la halua. Harufu ilikuwa bado haijatoka, mashina yaliyovunjika yalikuwa yananuka shimoni kuliko yalivyowahi kunuka yakiwa hai. Mama wa kijana aliketi, akavuta pumzi, akasema, “Mmefukiza, wakwe zangu?” Nikamwona mdogo wangu anakaza vidole kwenye ushungi.

“Mbu,” akasema shangazi.

“Ah, msiniambie. Kwetu Mtanda mbu wana hati za nyumba.”

Wakacheka wote. Mazungumzo yakaenda kwenye bei ya mchele. Hakuna aliyetazama nyuma ya nyumba. Yule dada wa mchumba alikuwepo, ana mtoto mgongoni, na kitu pekee alichoniuliza ni kama choo kiko upande gani.

Ukuta ulizidi kunyamaza siku zilizofuata. Siwezi kuapa ni kwa sababu ya tuta. Minazi ipo, na nyuki hula minazi. Labda walikuwa wanahama kwa sababu zao. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja niliweka sikio nikasikia chokaa tu, na kwenye tundu mdomo wa nta ulikuwa umepasuka, sisimizi wanaingia bila kuzuiwa. Sikumwambia. Naye hakuuliza, ingawa alikuwa analala upande ule ule.

Tuliishi hivyo hadi harusi, kwa adabu kubwa. Nilimsuka nywele. Nilichagua naye vitambaa. Kila aliponiomba kitu nilimpa, na kila mara kabla ya kumpa nilijikuta nasimama kidogo, nauliza moyoni kilichoko nyuma ya ombi. Nadhani aliiona ile hatua ndogo ya kusita. Alianza kuomba kidogo zaidi, kisha akaacha.

Siku ya kupelekwa kwa mumewe gari lilisimama nje, limejaa wanawake na vigelegele. Dada ndiye humsindikiza bibi harusi, akalala huko siku za mwanzo, awe jicho la kwao na sikio lake. Hakuna aliyehitaji kusema ni nani. Aliingia chumbani amepambwa, hina imemkolea hadi kwenye viwiko, akatazama kitanda, akatazama chini ya kitanda.

“Begi lako liko wapi?”

“Siendi.”

Alikaa ukingoni, kwa uangalifu, asikunje nguo. “Watu watauliza.”

“Shangazi mkubwa anakwenda. Nimeshamwomba. Anamjua kila mtu Mtanda, atakufaa kuliko mimi.”

“Nilikuwa nimesema ni wewe.” Akangoja. “Bado hujanisamehe.”

“Nimekusamehe,” nikasema, na nilimaanisha. “Ila siwezi kuwa sikio lako, mdogo wangu. Kila utakaloniambia kule nitakaa nikijiuliza umeniambia kwa nini.”

Vigelegele vikapanda nje na mtu akamwita, akamwita tena. Ushungi wake ulikuwa unateleza upande mmoja. Akanielekezea shingo, kama alivyozoea tangu tukienda madrasa, nikachukua pini nikambana vizuri, mara mbili, isichomoke njiani. Akanishukuru. Nikamwambia aende, wanamngoja. Akainuka, akakusanya pindo la nguo mkononi, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.